Sri Lanka na begi mgongoni kwa kikundi: kabla hujalipia, soma ratiba kwa mvua na kwa saa

Mwendapole (mleta uzi)

Wakuu, salaam.

Humu kila baada ya muda anatokea mtu anaulizia Sri Lanka kwa zile safari za kikundi za mabegi ya mgongoni. Mnakuwa watu kumi na kitu msiojuana, kiongozi mmoja mwenyeji, mnalala nyumba za wageni za kawaida, mnachanganya basi, treni na bajaji. Majibu anayopata huwa ni picha. Picha ya daraja, picha ya mwamba, picha ya mtu ananing'inia mlangoni mwa treni. Basi.

Ninachotaka kusema mimi ni hiki: vivutio vya kule vinajulikana na kila kampuni inavyo. Kinachotofautisha safari moja na nyingine ni mwezi mnaokwenda na saa mnayofika pale. Na hayo mawili ndiyo hayaandikwi kwenye tangazo. Litaandikwa "Siku ya 3: Sigiriya", wewe utalipa, kumbe mnafika saa tano asubuhi, jua limeshachachamaa na mabasi kibao yamewatangulia.

Tuanze na mvua. Kisiwa kina kilomita za mraba elfu 65 na ushee tu, lakini hakina msimu mmoja wa mvua kwa nchi nzima. Watu wa pwani mtanielewa haraka, maana ni kusi na kaskazi zilezile zilizokuwa zinasukuma majahazi. Kuanzia Mei hadi Septemba upepo wa kusini-magharibi unamwaga maji Colombo, Galle, Mirissa na upande wa magharibi wa milima. Wakati huohuo mashariki, Trincomalee na Arugam Bay, kumekauka na bahari imetulia. Ikifika Desemba hadi Februari mambo yanageuka: mashariki na kaskazini ndiko kunakolowa, kusini-magharibi kunapendeza. Katikati, Oktoba na Novemba, mvua za radi za mchana zinaweza kukukuta popote.

Sasa angalia ratiba wanazouza. Nyingi ni moja tu kwa mwaka mzima: Colombo, miji ya kale, Kandy, Ella, mbuga, kisha mnamalizia Mirissa kuogelea na kuangalia nyangumi. Ukiinunua hiyo ya Februari, safi. Ukiinunua ya Julai, utakaa kibarazani Mirissa unaangalia mawimbi. Nyangumi wa buluu wa upande ule ni wa Novemba hadi Aprili. Kuanzia Mei hadi Agosti wanatafutwa Trincomalee. Kampuni inayojua kazi yake inakuwa na ratiba mbili, moja inaishia kusini na nyingine inaishia mashariki. Hicho ndicho kitu cha kwanza cha kuuliza, hata kabla ya bei.

Twende Sigiriya. Ni mwamba uliosimama peke yake, karibu mita 200 juu ya msitu, na kileleni kuna mabaki ya kasri ya mfalme Kashyapa aliyetawala mwaka 477 hadi 495. Huyu bwana alimpindua baba yake, Dhatusena, akamuua. Ndugu yake Moggallana, aliyekuwa mrithi halali, akakimbilia India. Kashyapa akahamishia makao yake juu ya jiwe, na ndugu alirudi kweli na jeshi, ukawa mwisho wake. Inasimuliwa kwamba baba alipobanwa aonyeshe hazina iliko, aliwapeleka kwenye bwawa kubwa la Kala Wewa alilolijenga mwenyewe, akateka maji kwa viganja, akasema hazina yake yote ndiyo hiyo. Mwombe kiongozi wenu awasimulie mkiwa barabarani, maana ukanda ule wote umejaa mabwawa ya wafalme, bado yanamwagilia mpunga, na bila hiyo hadithi mtayapita mkidhani ni maziwa tu.

Kupanda ni ngazi kama 1,200. Katikati kuna michoro ya wanawake ukutani (kupiga picha ni marufuku, na wanakagua kweli), halafu ule ukuta uliosuguliwa hadi ukang'aa, ambao wageni wa zaidi ya miaka elfu moja iliyopita walichora mashairi ya kuwasifia wale wanawake. Kisha unatokea kwenye uwanja mdogo na mbele yako kuna makucha mawili ya simba, ya matofali, kila moja refu kuliko mtu. Kichwa na kifua vilishaanguka zamani. Unapita katikati ya makucha na kushika ngazi za chuma, na hapo ndipo foleni inapokwama. Hakuna kivuli. Kuna vibao vinavyowaomba watu wanyamaze kwa sababu ya mavu waliojenga kwenye mwamba. Kikundi kilichoingia lango likifunguliwa kinakuwa kimeshashuka wakati huo, kinakunywa madafu. Kikundi cha saa tano kimesimama hapo kinachomwa.

Polonnaruwa ni kinyume chake. Pale eneo ni kubwa na tambarare, watu hawabanani. Shida ni basi: linawashusha, mnapiga picha, mnapanda tena, mnashuka tena. Ombeni baiskeli, zinakodishwa mjini kwa bei ya kawaida. Kituo cha kukaa muda mrefu ni Gal Vihara, sanamu nne za Buddha zilizochongwa kwenye ukuta mmoja wa itale enzi za Parakramabahu wa Kwanza, karne ya 12. Yule aliyelala ana urefu wa mita 14 hivi. Sogea uangalie mto alioegemea kichwa: mchongaji ameubonyeza jiwe kidogo pale kichwa kinapokaa, kama unavyobonyea mto wa pamba. Vikundi vingi vinapewa dakika chache pale na hakuna anayeliona hilo.

Kandy sitasema mengi. Hekalu la Jino (ndimo linamotunzwa jino la Buddha) ni la kuingia wakati wa ibada, siyo nje ya ibada, vinginevyo utaona milango iliyofungwa na pembe za ndovu. Likiwadia gwaride la kidini la Esala, Julai au Agosti kufuatana na mwezi, mji wote unajaa na vyumba vinapanda bei vibaya sana.

Treni ya Kandy hadi Ella ndiyo kila mtu anaitaka, mwendo wa muda wa saa sita hadi saba kama haijachelewa, na huwa inachelewa. Hapa kuna jambo la kuchekesha. Kampuni zinajisifu kwamba zimekukatia daraja la kwanza. Behewa la kwanza lenye kiyoyozi madirisha yake hayafunguki! Umelipa zaidi ili uone milima kupitia kioo chenye vumbi. Daraja la pili na la tatu madirisha yako wazi, upepo unaingia, na wauzaji wanapita na vikapu vya bagia za dengu zenye kamba wamebanikwa juu, wanakufungia kwenye karatasi iliyochanwa daftari la mtoto wa shule. Yangu ilikuwa na hesabu za kugawanya, mwalimu ameweka vema tano na mkasi mmoja. Reli inapanda hadi karibu mita 1,900 pale Pattipola. Mtu aliyekuwa analalamikia joto Kandy anaanza kutafuta sweta. Viti vya kuhifadhi vinafunguliwa mwezi mmoja kabla na vinaisha haraka, kwa hiyo kampuni ikikwambia "tutaangalia tukifika", jua mtasimama. Na mlangoni msining'inie kwa ajili ya picha. Kuna vichuguu, kuna miti iliyo karibu na reli, na kuna watalii waliopoteza maisha hivyo.

La mwisho kwa leo, World's End ndani ya Horton Plains. Ni genge, ardhi inakatika ghafla na kushuka karibu mita 880. Kikundi kikifika saa nne asubuhi kinasimama mbele ya ukungu mweupe, kinapiga picha na ukungu, kinarudi. Mzunguko wa kutembea ni kama kilomita tisa. Lazima muondoke Nuwara Eliya, mji wa milimani wa kulala, alfajiri, saa kumi na moja hivi, mkiwa na jaketi, kwa sababu uwanda ule uko juu ya mita 2,100. Getini wanakagua mabegi na kuondoa karatasi za plastiki, hata lebo ya chupa ya maji. Ratiba ikisema "Horton Plains baada ya kifungua kinywa" hiyo ratiba imeandikwa na mtu wa ofisini.

Pwani na wanyama nitaendelea chini. Karibuni.

---

Kigoda cha Nyuma

Uzi mzuri mkuu, ila umekwepa bei. Tupe namba watu tujipange.

---

Mwendapole

Mkuu, bei ya kampuni inategemea kampuni, nikikutajia yangu haikusaidii. Kinachosaidia ni kujua nini hakimo. Wageni tunalipa viingilio tofauti na wenyeji, na vinauma: Sigiriya peke yake ni dola 30 kwenda juu. Ongeza Polonnaruwa, ongeza Horton Plains, ongeza gari la jeep la mbugani, na mbugani unalipa kiingilio, gari na kodi juu yake. Ratiba mbili zinaweza kupishana dola mia, kumbe ile ya rahisi haina kiingilio hata kimoja. Uliza kwa maandishi, kituo kwa kituo.

Matumizi ya kila siku ni nafuu. Dola moja imekuwa ikizunguka kwenye rupia 300, na sahani ya wali na mchuzi wa aina nne tano kwenye mgahawa wa kawaida haikuumizi, tena wanakuongeza wali bila kuuliza. Kuna pia mfuko wa bakshishi ambao kikundi huchangishwa siku ya kwanza kwa ajili ya madereva na wabeba mizigo. Ni utaratibu wa kawaida, ila mkubaliane mapema nani anaushika.

---

Mpigadebe Mstaafu

Nitapinga kidogo. Sigiriya mnaipamba. Ukiwa juu ya Sigiriya, kitu kizuri kuliko vyote kule huwezi kukiona, kwa sababu umekikanyaga. Vukeni pembeni hapo Pidurangala, mwamba wa jirani. Kiingilio ni kidogo sana kulinganisha, unapitia kwenye hekalu, unapanda gizani na tochi, ukifika juu jua linachomoza na Sigiriya yote iko mbele yako. Sisi kikundi chetu kiongozi hakutaka kabisa kusikia, ikabidi watu wanne tukodi bajaji wenyewe alfajiri na kurudi kabla ya chai. Waliobaki walinuna siku nzima.

---

Mwendapole

Sikupingi kwa mandhari. Ila uwaambie pia kuhusu ule mwisho: ngazi zinaisha, unabaki na mawe makubwa ya kukwea kwa mikono na magoti, kupenya huku na kule. Kwenye kikundi huwa kuna mtu mwenye goti bovu, na ndiyo maana kiongozi anakwepa. Sigiriya ina ngazi na mikono ya kushikia mwanzo mwisho. Na historia iko Sigiriya, siyo Pidurangala. Mwenye uwezo afanye yote mawili: Pidurangala alfajiri, Sigiriya kuanzia saa tisa na nusu mchana makundi yakishapungua.

---

Mama Wawili

Nauliza kwa wanawake waliokwenda. Mavazi ya hekaluni yakoje, na usalama kwenye mabasi?

---

Dada Ramani

Mama Wawili, mimi nilikwenda na kikundi cha watu mchanganyiko, wanawake tulikuwa wengi. Hekaluni mabega na magoti yafunikwe, kwa wanaume pia. Beba kanga mbili. Moja kiunoni, moja mabegani, umemaliza, huna haja ya kukodi kitambaa getini. Viatu na kofia vinavuliwa, na hapo ndipo saa inapoingia tena, kama anavyosema mleta uzi: mawe ya uwanja wa hekalu saa saba mchana yanababua nyayo. Anuradhapura, kule kwenye ule Mti Mtakatifu ambao wenyewe wanasema ulipandwa mwaka 288 kabla ya Kristo, nimeona wazungu wanaruka kama wamekanyaga makaa. Vaa soksi, zinaruhusiwa. Au nenda jioni, ndipo wenyeji wenyewe wanapokuja na nguo nyeupe na maua ya yungiyungi, kumetulia.

Usipige picha ukiwa umeipa mgongo sanamu ya Buddha. Hilo wanalichukulia kwa uzito. Mwenye tatuu ya Buddha aifunike muda wote. Mwaka 2014 kuna mtalii wa Uingereza alikamatwa na kufukuzwa nchini kwa ajili ya tatuu ya mkononi.

Basi: ya umma yanajaa na madereva wanakimbiza mno. Kusukumanasukumana kupo, na kuna wanaume wanaotumia msongamano vibaya, sitawadanganya. Tulikuwa tunakaa wawili wawili, au mbele karibu na dereva, ila siti za mbele kabisa zimetengewa watawa, mtawa akipanda unasimama. Kwa kikundi huwa mnapanda basi za umma mara moja moja tu, masafa marefu ni gari la kukodi. Usiku bajaji ziitwe kwa programu ya simu, bei unaiona kabla na safari inabaki kwenye kumbukumbu.

---

Kigoda cha Nyuma

Malaria vipi? Tubebe dawa?

---

Dada Ramani

Malaria hawana. Shirika la Afya Duniani liliwathibitisha mwaka 2016. Ila dengue ipo, na mbu wake anauma mchana, kwa hiyo dawa ya kupaka ni ya asubuhi na mchana. Cheti cha homa ya manjano usikiache nyumbani, anayetoka nchi zenye ugonjwa huo anaulizwa. Na mkiingia misitu ya mvua kama Sinharaja, ruba! Wako kila mahali. Kuna soksi ndefu za kitambaa kizito zinazofika magotini, kiongozi mzuri anazo za kuazimisha.

---

Shajara ya Jahazi

Nashangaa hakuna aliyeutaja mlima wa Adam, Sri Pada. Kwa sisi wa mwambao huu ungekuwa wa kwanza. Ibn Battuta, yule yule aliyepita Mombasa na Kilwa mwaka 1331, aliupanda ule mlima mwaka 1344 na akaeleza minyororo ya chuma waliyoshikilia wapandaji. Juu kuna alama kwenye jiwe yenye umbo la unyayo. Wabudha wanasema ni wa Buddha, Wahindu wanasema ni wa Shiva, Waislamu wanasema ni wa Nabii Adam aliposhushwa, na wapo Wakristo wanaosema ni wa Mtakatifu Tomaso. Wote wanapanda njia moja usiku mmoja, hakuna ugomvi.

Urefu ni mita 2,243, ngazi zaidi ya 5,000 kwa njia ya Nallathanniya. Mnaanza saa nane usiku ili mfike kabla ya jua. Msimu wa hija ni kuanzia mwezi mpevu wa Desemba hadi wa Mei, taa zinawashwa njia nzima na vibanda vya chai viko wazi. Jua likichomoza, geuka upande wa pili: kivuli cha mlima kinalala juu ya mawingu, pembetatu kamili, haina hata mkunjo. Watu wengi wamekodoa macho mashariki wanakikosa.

Kampuni za vikundi zinauruka kwa sababu unakula usiku mzima na kesho yake kikundi kizima kinatembea kama bata.

---

Mwendapole

Shajara umenena. Niongeze tu: usipande wikendi wala usiku wa mwezi mpevu kama lengo lako ni kufika juu kabla ya jua. Siku ya mwezi mpevu ni sikukuu ya taifa kila mwezi, mahujaji wanafurika, foleni ya ngazi za mwisho inasimama kabisa. Siku hiyo pia pombe haiuzwi nchi nzima, wapenda bia mjipange.

Naendelea na wanyama kama nilivyoahidi. Yala ndiyo jina kubwa, kwa sababu ya chui. Chui wapo kweli, lakini eneo wanaloingiza watalii wengi ni lile moja, na dereva mmoja akipigiwa simu kwamba chui kaonekana, magari yote yanakimbilia palepale. Unaona mkia na moshi wa dizeli. Kwa kikundi kinachotaka kuona ndovu, Udawalawe inatosha na kubaki. Ni mbuga ya wazi, pembeni ya bwawa, na ndovu wapo mwaka mzima. Agosti na Septemba kuna Minneriya, karibu na Polonnaruwa: maji ya bwawa yanapungua, nyasi mbichi zinaota pale maji yalipokuwa, na ndovu wanakusanyika kwa mamia kula. Hapa saa inageuka, asubuhi haina maana sana, wanatoka msituni alasiri.

Kupanda ndovu mgongoni, au kuwaogesha, ratiba ikiwa nayo iulizeni kampuni kwa nini. Pale Udawalawe kuna kituo cha serikali kilichoanzishwa 1995 cha kulea watoto wa ndovu waliopoteza mama, wanawarudisha porini wakikua. Unaangalia wakinyweshwa maziwa ukiwa kwenye jukwaa, huwagusi. Mimi naona hiyo ndiyo heshima.

Pwani: Galle, nendeni saa kumi na moja jioni, mzunguke juu ya ukuta wa ngome. Haina kiingilio. Wareno walijiimarisha pale mwaka 1588, yaani miaka michache tu kabla ya kuanza Fort Jesus ya Mombasa, kisha Waholanzi wakaiteka mwaka 1640 na kuijenga upya. Aliyewahi kutembea Mombasa atahisi anawafahamu waliojenga. Wale wavuvi wanaokaa juu ya miti baharini karibu na Koggala, wengi wao sasa wanavua pesa za picha. Hakuna ubaya, ila ujue unachokilipia, msipotezee kikundi saa nzima.

Treni ya kutoka Galle kwenda Colombo inapita Peraliya, karibu na bahari. Tarehe 26 Desemba 2004 tsunami ililikuta treni limesimama pale, limejaa, na wengine waliokuwa nje walikimbilia ndani wakidhani ni salama. Walikufa zaidi ya watu elfu moja. Kuna mnara wa kumbukumbu karibu na reli na sanamu kubwa ya Buddha. Kiongozi wetu alitwambia tu tuangalie kushoto, akanyamaza hadi kituo kilichofuata. Hakuna aliyepiga picha.

---

Mpigadebe Mstaafu

Kitu kingine kinachokula muda: maduka. Kikundi nilichokwenda nacho (jina la kampuni nalihifadhi) tulipelekwa shamba la viungo, karakana ya vito na duka la batiki kwa siku moja, ya Dambulla kwenda Kandy. Kila duka saa nzima. Matokeo yake mapango ya Dambulla, matano, yana sanamu zaidi ya mia na dari yote imechorwa, tulipewa dakika arobaini. Kiongozi anakula kamisheni, sisi tunakula muda.

---

Dada Ramani

Hiyo inatibika siku ya kwanza kabisa, kwenye kile kikao cha utambulisho. Sisi mwenzetu mmoja aliuliza kwa upole mbele ya wote: "Maduka tunaweza kuyaacha, na huo muda tukaupeleka Dambulla?" Kikundi kikaitikia, kiongozi akacheka, akakubali. Tulimwongezea kwenye bakshishi mwisho wa safari, maana na yeye ana familia. Ukisubiri hadi mko ndani ya duka, mtu anakuonyesha yakuti, ni vigumu kutoka bila ugomvi. Duka moja la chai tuliingia kwa hiari na lilikuwa na maana: walitueleza kwamba milima ile yote ilikuwa kahawa, ugonjwa wa kutu ukaimaliza, na chai iliyoanzishwa kibiashara mwaka 1867 ndiyo ikachukua nafasi. Wachumaji wengi ni Watamil ambao mababu zao waliletwa na Waingereza kutoka kusini mwa India.

---

Shajara ya Jahazi

Tukiwa kwenye watu walioletwa: kaskazini-magharibi, karibu na Puttalam, kuna kijiji cha Sirambiadiya chenye wazao wa Waafrika waliofikishwa kisiwani enzi za Wareno na waliofuata. Wana ngoma yao inaitwa manja na nyimbo za Kireno cha mchanganyiko (krioli). Haimo kwenye ratiba ya kikundi chochote nilichokiona. Mwenye siku mbili za ziada baada ya kikundi kutawanyika angekwenda, kwa adabu na kwa kupitia mwenyeji, siyo kama anakwenda mbugani.

---

Mgeni wa Kesho

Wakuu, nimesoma mwanzo mwisho. Nina nafasi mwezi wa tisa tu, na kampuni imenipa ratiba ya Colombo, Sigiriya, Kandy, Ella, Yala, Mirissa. Niichukue?

---

Mwendapole

Kama ilivyo, hapana. Mwezi wa tisa Mirissa bahari bado imechafuka na nyangumi msimu wake haujaanza, halafu Yala kwa kawaida hufunga lile eneo kuu kuanzia mapema Septemba hadi katikati ya Oktoba kwa ajili ya ukame. Yaani theluthi ya ratiba yako imekufa kabla hujapanda ndege.

Waulize kama wanaweza kubadilisha hivi: Colombo, Kandy, treni hadi Ella, shuka Udawalawe kwa ndovu, kisha mkate kwenda Arugam Bay badala ya Mirissa, mawimbi ya kuteleza bado yapo. Mkipanda kaskazini mmalizie Polonnaruwa, Minneriya alasiri na Sigiriya asubuhi ya siku ya kuondoka eneo lile. Daraja la matao tisa pale Ella, lile la 1921, lifikieni saa kumi na mbili na nusu asubuhi kwa miguu kupitia njia ya msituni, na kabla ya kulala muulizeni mwenye nyumba treni ya kwanza inapita saa ngapi, maana zinapita chache kwa siku. Uliza pia kama reli ya milimani iko wazi yote, maporomoko ya udongo huifunga vipande vipande.

Wakikataa kubadilisha, waulize Yala watakupeleka wapi. Jibu lao lilete hapa.